Jogoo Mmoja, Watu Wanane

Bibi aliyekaa kiti cha nyuma ndani ya basi aliyasikia yote. Mama kijana aliyempakata mtoto alimwambia fundi redio pembeni yake kwamba leo hashuki zahanati ng'o. "Chanjo inadhuru. Wameniletea sauti kwenye simu watu wanane, kuanzia wifi yangu. Wote waongo?"

"Hebu tusikie, dada."

Akafungulia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi akainua kidole. "Umemsikia jogoo? Anawika palepale katika zote. Walioleta ni wanane, aliyesema ni mmoja. Kichwa kikisikia jambo tena na tena hulizoea, kikilizoea hudhani ni kweli."

"Kwa hiyo mimi mjinga?"

"Ndivyo tulivyo sote, hata mimi."

"Mtoto ni wangu, kaka! Si wako, wala si wa huyo jogoo!"

Pamoja na kufokewa, fundi aliokota kiatu cha mtoto kilichoanguka, akamvisha taratibu. Bibi aliliona hilo pia.

Simu ikaita. Wifi. Mama akaizima.

Basi likasimama mbele ya zahanati. Akainuka, akamkaza mtoto kifuani.

"Sijasema nimekubali," alimwambia fundi. "Na usicheke."

Akashuka.