Historia ya Marehemu Bwana Viatu, Fundi wa Kufukiza Nafaka

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu, mume, baba na kaka, ambaye wabeba magunia wa ghalani walimbandika jina la Bwana Viatu, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha unga, akiwa mtoto wa tatu wa fundi kinu, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari hadi 1982, na tarehe 2 Machi 1985 akaajiriwa kwenye ghala la nafaka kama fundi wa kufukiza, yaani kufunika magunia kwa turubai, kuziba milango na kuachia gesi ya kuua fukusi, wadudu wanaotoboa punje.

Tarehe 19 Novemba 1991 alifunga mlango bila kujua kwamba mbeba magunia mmoja amelala usingizi wa pono ndani, gesi ikaanza kutoka, na kama si kikohozi chake kusikika nje tungekuwa tunasema mengine. Yule ndugu alipona, ila marehemu hakupona hofu, na tangu hapo kila aliyeingia ghalani alivaa mabuti ya kazi na kuacha kandambili zake mlangoni, na hakuna kuziba mpaka kila jozi iondoke na mwenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1992, wakajaliwa mabinti wawili, na mkewe anasema hata mlango wa nyumbani haukufungwa kabla viatu havijahesabiwa, na ndala moja ikikosekana aliita majina ya mabinti, hata baada ya wote wawili kuolewa.

Mwaka 2016 fukusi walianza kuizoea gesi, wakubwa wakataka iongezwe, marehemu roho ikawa mkononi, akaomba, akasumbua, akaitwa king'ang'anizi, mpaka ikakubaliwa nafaka ipitishwe kwanza kwenye mionzi, inayopenya ndani ya punje na kuwaharibia fukusi uzazi, kisha gesi kidogo iwamalizie. Fukusi wa kwanza kupigwa mionzi waliendelea kutembea, naye chakula hakikupita, akawachungulia kwenye chupa asubuhi na mchana kwa wiki kadhaa, mpaka wakaisha bila kuacha mtoto.

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2020, na tarehe 9 Mei 2023, akikagua mahindi ya shule yaliyotoka kwenye mionzi na yaliyokuwa yafukizwe siku hiyohiyo, alianguka, akatolewa kwa machela na mabuti yake miguuni, akafariki hospitalini tarehe 11 Mei, saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kumuuliza mkewe kama watu wote wametoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao kwa siku nne waligoma kuziba ghala, meneja akiwabembeleza, mahindi yakiwa hatarini, kwa kuwa jozi moja ilikuwa bado mlangoni. Leo asubuhi mkewe alikwenda kuzichukua kandambili hizo, akisindikizwa na yule yule aliyekohoa mwaka 1991, wakahesabu, wakaziba.

Wote wametoka, Bwana Viatu, na viatu vyako tunavyo. Sasa pumzika kwa amani.