Siku Mashine Zilipokataa Kusimama

Katika basi dogo la Tripoli kwenda Halba, kaskazini mwa Lebanoni, Hanadi alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, mama mmoja mfungashaji wa biskuti kiwandani alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua.

"Leo wamewasha sola za juu ya paa. Ilipofika saa sita, umeme wa serikali ukakatika, nasi tukaacha kufungasha kungoja jenereta, kama tulivyozoea. Wallahi mashine hazikusimama! Biskuti zikatumwagikia miguuni, sisi tumeduwaa tu."

"Ngojeni siku ya wingu," mzee akaguna. "Mtarudi kwenye jenereta mnalia."

"Ile iliyotuziba masikio? Leo ndio nimegundua mwenzangu huwa anaimba kazini. Miaka yote nilidhani anatafuna!"

Hanadi akafumbua jicho moja. Kucha za mzee zilikuwa na weusi wa dizeli usiotoka kwa sabuni.

Basi likasimama. Mzee akashuka, kisha akarudi dirishani.

"Jenereta ile ni yangu; kiwanda chenu hununua umeme kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu niambie ukweli, mama. Taa hazikufifia hata kidogo?"

"Hata chembe, mzee wangu."

Mzee akainua uso, akalitazama jua la alasiri kama jirani aliyempita miaka yote bila kumsalimia.