Pedi Isiyokata Kushoto

Danford alikuwa na banda la gemu Tunduma, na ndani ya ile Kosta iliyotoka Nanyala hakuna abiria aliyekuwa bado hajaambiwa. Basi dada aliyekaa naye, Sekela, fundi simu, alipotoa kibao cha saketi kidogo kama kiberiti na kusema kinafaa kuwa pedi ya kuchezea gemu, Danford alicheka mpaka konda akageuka.

"Dada, hicho ni kipande cha redio mbovu. Hata ganda hakina!"

"Nimekiandikia programu mwenyewe. Ukikiinamisha kushoto, mchezaji anaenda kushoto. Jaribu kwenye laptopu yangu hii."

"Nijaribu nini? Pedi zangu ni orijino, zimevuka mpaka zikiwa na maboksi yake. Wateja wangu hawachezei takataka."

Sekela akakifuta kibao kwa kanga, taratibu. "Nimeshacheza kwako, kaka. Pedi namba mbili haikati kushoto tangu Pasaka. Mtu akitaka kushoto, lazima azunguke kulia mpaka afike."

Siti ya nyuma mtu akaangua kicheko. Danford akaubana kwa miguu mfuko wake uliokuwa sakafuni. Pedi namba mbili ilikuwa humo, imetoka kwa fundi wa tatu, naye kashindwa.

"Wameshazoea," akasema. "Hakuna anayelalamika."

"Wanakucheka."

Kosta ikasimama Tunduma. Danford akashuka kifua mbele, bila kuaga, akakata kushoto kuelekea bandani kwake.

"Kaka!" Sekela akamwita dirishani. "Zunguka kulia!"