Mlezi wa Seli za Siku Mia Moja Themanini

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, fundi wa maabara ya seli anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Ghorofa nzima humwita Mama Chekechea. Wenzake walikosa nafasi ya kumwandikia, kwa hiyo jarida la taasisi yao limeniomba mimi, mtoto wa kaka yake. Nimekubali, ila sitaficha kinachonikera.

Kazi yake ilikuwa kulea seli shina za binadamu, zile ambazo bado hazijawa seli za aina maalumu, mpaka ziwe astrosaiti, yaani seli zinazohudumia neva za ubongo. Kila baada ya siku moja, hata Jumapili, alifungua kabati la joto, akanyonya majimaji ya zamani kwa pipeti na kutia mapya. Juu ya kila kisahani aliandika umri. Wiki ya pili aliiita chekechea. Mwezi wa tatu, darasa la nne.

Miaka miwili iliyopita, watafiti walizichoma kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, wapime umeme wake zikiwa na siku arobaini. Umeme uliyumbayumba. Mkuu wa maabara akasema, "Mbovu hizi, mwaga."

"Bado watoto hao, bosi. Niachie rafu moja tu."

"Haya, Mama Chekechea, endelea kunyonyesha!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Siku ya mia moja themanini walipima tena. Astrosaiti iliyokomaa haipigi mishindo ya umeme kama neva, hutulia. Zile zilitulia tuli, visahani vyote kumi na viwili. Hakuna aliyecheka.

Ripoti ya utafiti huo nimeisoma katika maktaba ya shule. Inasema timu iligundua umuhimu wa kusubiri. Shukrani zimemfikia mpaka fundi wa kiyoyozi. Shangazi hayumo! Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka mstari. Yeye alisema tu kwamba kiyoyozi kweli kilifanya kazi nzuri.

Sasa kuna rafu nyingine ya seli, zimefika siku ya tisini na sita. Kwenye ratiba ya kulisha iliyobandikwa mlangoni, kuanzia Jumapili, 2 Julai, nafasi ya jina ni tupu. Ameuliza mara tatu nani atashika zamu. Anajibiwa, "Tutaona." Mtaona nini? Zikikosa chakula zitakufa kabla ya kukomaa, halafu mtaandika kwamba zilikuwa mbovu.

Shangazi, asante kwa Jumapili zako zote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na chai unayoinywa ikiwa bado moto. Nanyi mtakaokuja kumuaga, zawadi anayoitaka ni jina moja tu kwenye ile ratiba. Kalamu imefungwa kwa uzi pale pale mlangoni.