Sikupanda Darini

Leo ni Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari, mwaka elfu mbili ishirini na tano, saa tatu kasorobo asubuhi. Mvua iliyoanza jana jioni imekatika dakika arobaini zilizopita, na bati la nyumba hii ya Shangani bado linadondosha matone. Fredi, weka simu chini uketi. Nawe Joyce, sogeza kiti nisilazimike kupaza sauti. Muuguzi Halima atafika saa nne kamili kutia saini mkataba wa kuinunua nyumba hii, kwa hiyo ninayo saa moja na robo ya kuwausia, na pumzi zangu ni chache kuliko dakika hizo.

Wanangu, daktari amenieleza bila kuficha, nami siwafichi. Joyce, umeirithi kazi yangu ya ukaguzi wa majengo kabla sijafa, basi pokea na vyombo vyake: ngazi, tochi, kipima unyevu na madaftari kumi na tisa. Fredi, ekari tatu za mikorosho kule Ziwani ni zako, isipokuwa ekari moja ambayo ina mwenyewe, na huyo nitamtaja sasa.

Desemba ya mwaka elfu mbili na tisa nilikagua nyumba moja Chikongola kwa niaba ya Hashimu, mkulima wa Ziwani aliyeuza korosho za misimu minne ainunue ili wanawe wasome mjini. Kwenye dari ya chumba cha kulala palikuwa na doa la kahawia, pana kama sinia. Muuzaji akacheka, akasema, "Popo hao, mzee. Nyumba gani hapa mjini haina popo?" Nanyi mnajua kwamba hapa kwetu kila doa la darini husingiziwa mkojo wa popo, na kweli harufu yao ilikuwepo. Tundu la kupandia lilikuwa jembamba, nami nilikuwa nimeshavaa suti kwa ajili ya harusi ya mwenzangu wa kazini. Nikasimama chini, nikatazama juu, nikaandika: madoa ya popo, ya zamani. Machi iliyofuata kenchi iliyooza, mbao zile zinazobeba paa, ilikatika, dari ikamwangukia Farida, mke wa Hashimu, akiwa amelala mchana na homa. Tangu siku hiyo hajauinua mkono wa kulia juu ya bega. Hashimu alikuja ofisini, hakunitukana, aliniuliza jambo moja tu: "Bwana mkaguzi, ulipanda?"

Nikamjibu, "Nilipanda."

Sikupanda. Mama yenu amekufa bila kulijua hilo.

Sikiliza, Joyce, na ufuate mpangilio huu huu. Usilihukumu doa ukiwa chini. Panda hata kama nguo ni mpya, na kama tundu halipitiki, andika kwamba hukupita. Ukishafika, lizungushie doa mstari wa penseli, uandike tarehe, ulipime. Kisha weka kipima unyevu kwenye mbao za kenchi, si kwenye silingibodi pekee, kwa kuwa bodi hukauka kwa siku mbili na mbao huficha maji mwezi mzima. Na uzichome kwa bisibisi uone kama inazama. Baada ya hapo yafuate maji kuelekea yalikotoka, maana hutembea juu ya mbao na kudondokea mbali na tundu la msumari yalipoingilia. Wakati wa kiangazi, doa likiwa kavu, mwagia bati ndoo mbili za maji usubiri nusu saa kabla hujaandika neno zamani. Uliyoambiwa na mwenye nyumba, andika kuwa umeambiwa. Uliyoyaona, andika kuwa umeyaona.

Nipe maji. Kidogo tu... inatosha.

Sasa wewe, Fredi. Nimelala chali chumbani humu wiki sita, sina cha kutazama ila dari. Nililiona doa lililo juu ya kabati likipanuka kila mvua, na Jumamosi nilikuona ukilipaka rangi nyeupe, ukidhani dawa zimenilaza, halafu nikakusikia ukimwambia Halima kwenye simu, "Popo tu, dada, tumeshawafukuza." Najua sababu. Fedha ya nyumba unaitaka leo ili unipeleke Dar es Salaam nikatibiwe, na sikulaumu kwa kunipenda. Lakini Halima atalaza watoto watatu chini ya kenchi hiyo, na mimi sitaki siku zangu zinunuliwe kwa bega la mtu mwingine. Ukikataa sitakulaani, nitamwambia mwenyewe akiingia, nikiwa na sauti au sina.

Inuka ukamshikie dada yako ngazi. Joyce, soma kipima unyevu mara tatu, useme namba iliyo kubwa. Halima akifika mpeni karatasi ya ukaguzi kabla ya chai, bei izungumzwe baadaye. Ile ekari moja mkabidhini Farida, mkamwambie kwamba sikupanda na nilisema nilipanda, asiposamehe, msimbembeleze. Mungu awape mikono isiyoandika ambacho macho hayakuona... awaache muwe ndugu... hata baada ya leo.

Nasikia magoti yako darini juu yangu, Joyce mwanangu. Polepole. Kanyaga mbao, usikanyage bodi... Mbao kavu haizidi kumi na tano, Fredi. Shika kalamu... Ya kwanza nimeisikia. Ya pili... Hiyo ya tatu rudia, sikio limechoka.

Andika. Asilimia... thelathini na mbili.