Theluji ya Kwetu

Basi lilikuwa likipanda mlima wenye theluji wa Arlberg. Alois, dereva, alitega sikio: kijana mgeni aliyekumbatia mbao zake za kutelezea thelujini alikuwa akimweleza Bibi Walburga kwamba theluji bora duniani iko Japani, ikifuatiwa na ya Kanada.

"Marehemu mume wangu alifundisha kuteleza hukohuko Japani," alisema bibi. "Theluji aliisifu. Lakini alirudi."

"Sasa alirudi kufuata nini, bibi?"

"Huko mtu akianguka anapewa pole. Hapa kwetu tunamcheka mpaka asianguke tena. Ndiyo maana mabingwa wanatoka huku."

Alois akatabasamu kwenye kioo. Basi liliposimama, kijana aliteremka, akateleza, akakaa kitako barafuni. Abiria wote wakacheka, bibi akiongoza.

"Haya, mjukuu wangu. Darasa limeanza."