Tata Mukalay na Picha Iliyobandikwa Vibaya

Tarehe 30 Juni 2025, mzee wetu Tata Mukalay Stany anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha radio, pale tunapopigia picha za mifupa, katika hospitali yetu ya Dilala.

Aliingia mwaka 1992 kama msaidizi wa kuosha filamu gizani, akapanda mpaka kuwa mkuu wa huduma hiyo ya picha. Wachimbaji wanaofika na vumbi hadi kwenye kope wanamjua kwa amri moja: "Usipumue!" Wapo waliotii sana, mpaka akawagonga bega waanze kupumua tena.

Machi 2019, Mama Jémima, mwalimu wa shule ya msingi, alisubiri kunyooshwa mguu wa kulia. Goti lilikuwa limeingia ndani, na maumivu yalimlazimisha kufundisha akiwa amekaa. Mashine yetu haikutosha mguu mzima. Tata Mukalay akapiga picha tatu, ya paja, ya goti na ya muundi, akaziunganisha kwa utepe. Picha ilionyesha kwamba muundi ndio uliopinda.

Wiki nzima madaktari wetu wawili walibishana. Daktari Baudouin alitaka kutoa kabari ya mfupa upande wa ndani na kufunga pengo: mfupa unakaa juu ya mfupa, unaunga mapema. Daktari Glodie alipendelea kukata upande wa nje na kupanua kidogo kidogo hadi mguu unyooke sawasawa, ingawa pengo huchelewa kujaa. Baudouin akashinda.

Asubuhi ya upasuaji mgonjwa alikuwa ameshachomwa sindano ya mgongo. Miguu haikusikia kitu, lakini macho yalikuwa wazi. Tata Mukalay alileta picha, akaitundika kwenye taa. Mimi, muuguzi wa chumba hicho, nilikuwa nimeshika kisu, tayari kumkabidhi daktari. Nikaona Tata hatoki.

"Docta, musikate," alisema. "Mi njo niliibandika mubaya."

Kidole chake kilikuwa juu ya kivuli cha rula ya chuma aliyoilaza kando ya mguu siku ya kupiga. Kwenye filamu ya katikati, yenye goti, mstari wa rula ulikwenda upande. Filamu ile ilikuwa imeinama. Ukiinyoosha, muundi unakuwa mzima, na kupinda kunahamia kwenye mfupa wa paja. Tungekata mfupa usio na kosa. Mguu ungeonekana umenyooka, kumbe goti limelala upande na kuendelea kulika.

"Wiki nzima, Tata! Na sasa njo unaona?" Daktari Baudouin alifoka, mikono ikiwa juu.

Sauti ilitoka nyuma ya kitambaa cha upasuaji, ya Mama Jémima: "Mi niko nasikia byote. Mumuache aseme."

Akasema yote. Upasuaji ukaahirishwa. Jioni ile aliandika mwenyewe ripoti ya kosa lake, akampelekea mkurugenzi. Siku kumi na tisa alikuja kazini bila kujua kama atafukuzwa. Hakuonekana kantini. Tulitaka picha mpya ipigwe na mtu mwingine. Mama Jémima alikataa: "Apige yeye."

Akapiga. Madaktari walipima kila mmoja peke yake, wakakubaliana. Kabari ikatolewa kwenye mfupa wa paja, upande wa ndani, juu kidogo ya goti, pengo likafungwa kwa bamba la chuma. Baada ya miezi mitano, Mama Jémima alifundisha amesimama. Mkurugenzi alimbakiza Tata kazini, na tangu hapo hakuna picha inayoingia kwa upasuaji kabla watu wawili hawajafuata mstari wa rula.

Kwa kumuaga, niliombwa niandike mafanikio yake tu. Tata Mukalay akaniambia: "Mama Ernestine, andika ile ya Mama Jémima. Ingine byote banajua."

Asante, Tata, kwa kusema siku ile ilipokuwa rahisi kunyamaza. Nenda Lubudi kwa mkeo, Mama Adèle, ulime, ulale mchana bila mtu kukugongea mlango. Sote tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya furaha.

Ernestine Kabemba, muuguzi wa chumba cha upasuaji